Fundi wa Kumkabidhi Saa ya Baba

Katika toleo lililopita niliandika kwa kifupi juu ya saa za zamani za kamani, zile zisizojua betri, nikaomba wasomaji walete maswali yao. Barua nyingi zilizofika zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: saa ninayo, lakini fundi wa kuaminika nitampata wapi, na nitamtambuaje kabla hajaigusa? Nimechagua barua sita. Majina ya walioziandika nimeyaacha, kwa kuwa wengi wao wanazungumzia mali ya urithi.

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Marehemu baba yangu alifanya kazi bandarini hapa Tanga, na mkononi mwake sikuwahi kuona saa nyingine isipokuwa Seiko 5 ya otomatiki. Sasa ninayo mimi. Nikiitikisa inakwenda kwa robo saa hivi, kisha inasimama. Fundi mmoja wa barazani ameniambia nimwachie mpaka jioni, ataitia mafuta. Mwingine amesema mashine imekufa, anaweza kunibadilishia nyingine. Mimi sina elimu yoyote ya saa. Nimwamini yupi?
Binti wa mfanyakazi wa bandari, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Kwa sasa usimwachie yeyote kati yao, ingawa sina sababu ya kusema kwamba ni watu wabaya. Majibu yao yote mawili yanaonyesha kwamba hakuna aliyekusudia kuifungua saa hiyo na kuitazama sawasawa, na mwenye saa anapaswa kulisikiliza hilo kabla ya kusikiliza bei.

Ngoja nikueleze kilichomo ndani, maana ukikijua hutadanganywa kwa urahisi. Kamani iliyojikunja ndani ya pipa dogo hufunguka polepole na kusukuma msururu wa magurudumu yenye meno, na mwishoni mwa msururu huo pana gurudumu la mizani linalokwenda upande huu na kurudi upande wa pili, likirudishwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Katika Seiko 5 nyingi za miaka ya 1970 na 1980, mapigo ya gurudumu hilo ni 21,600 kwa saa, yaani sita kwa kila sekunde na zaidi ya nusu milioni kwa siku moja. Ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka ndani ya vijiwe vya yakuti vilivyotobolewa, na vijiwe hivyo ndivyo vinavyohesabiwa saa inaposemwa kuwa ina vito 17 au 21. Kila kijiwe kinachobeba ncha iendayo kasi huwekewa tone la mafuta dogo mno, ambalo halitazamiki vizuri bila lenzi.

Baada ya miaka mingi mafuta hayo hukauka au huganda kama gundi, yakachanganyika na vumbi na chenga za chuma. Mtu akidondosha mafuta mapya juu ya hayo ya zamani, saa huweza kwenda kwa wiki chache na mwenye saa akashukuru, lakini ule uchafu umelainishwa tu, na sasa unazungushwa ndani ya vijiwe ukila ncha za mihimili kama msasa. Sevisi ya kweli maana yake ni saa kufunguliwa yote, kipande kwa kipande, vipande vikaoshwa kwa dawa yake, vikakaguliwa, kisha vikaunganishwa upya na kutiwa mafuta ya namna mbalimbali: mepesi kwa magurudumu yanayokwenda kasi, mazito kwa yale yanayobeba nguvu ya kamani, na grisi mahali penye msuguano mkubwa. Mafuta ya Moebius kutoka Uswisi ndiyo yanayojulikana zaidi kwa mafundi. Mafuta ya cherehani hayafai, kwa sababu hutambaa: huondoka mahali yanapohitajika yakaenda kugusa ile kamani ya unywele, na huko tone moja linatosha kuivuruga saa nzima. Kazi ikishakwisha, saa huangaliwa kwa siku kadhaa, ikiwa imelazwa, ikiwa imesimamishwa, na ikiwa mkononi. Sasa pima mwenyewe kama hayo yote yanaingia katika kauli ya "niachie mpaka jioni".

Yule wa pili aliyetaka kubadilisha mashine huenda alikuwa anakuhurumia, kwa sababu kupachika mashine nyingine ni kazi ya muda mfupi na mara nyingi ni rahisi kuliko sevisi. Lakini ukikubali, utakachovaa ni kasha la baba lenye moyo wa mtu mwingine, na mashine yake ya asili itabaki kwenye droo ya fundi ikisubiri kuuzwa kwa vipande. Geuza saa utazame mgongoni. Utaona tarakimu nne, ambazo kwa saa za kipindi hicho mara nyingi ni 7009, kisha kistari na tarakimu nyingine nne: za kwanza ni aina ya mashine, za pili ni aina ya kasha. Pana pia namba ndefu ya toleo. Tarakimu yake ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi, isipokuwa Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa kwa herufi O, N na D. Namba ikianza na 83, saa hiyo ilitengenezwa mwezi wa Machi, mwaka 1978 au 1988. Kisha tazama chini kabisa ya uso wa saa, kwenye maandishi madogo karibu na ukingo, uone kama tarakimu za mashine ni zilezile. Zikikubaliana, una saa ambayo haijachanganywa, na hilo si jambo dogo siku hizi. Mashine za 7009 zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo vipuri vyake hupatikana kutoka kwa saa mbovu za aina hiyohiyo, na neno "imekufa" halipaswi kuwa la mwisho mpaka mtu amekuonyesha kwa kidole kilichokufa.

Kumpata fundi sasa. Usianze kwa kuuliza ni nani anayetengeneza saa, kwa sababu utaelekezwa kwa kila anayebadilisha betri. Tafuta wazee wanaovaa saa ya kamani ambayo bado inashika majira, msikitini, kanisani, katika ofisi za zamani, kwa masonara, uwaulize ni nani aliyeifungua mara ya mwisho na ni lini. Ukipata jina moja kutoka kwa watu wawili wasiojuana, nenda. Mara ya kwanza usiende na saa ya baba. Nenda na kazi ndogo, kioo kilichokwaruzika au mkanda uliokatika, ukae pale ukitazama namna anavyofanya kazi. Je, mfuniko wa nyuma anaufungua kwa kifaa chake au kwa ncha ya kisu? Vipande anavishika kwa kibano au kwa vidole vitupu, ambavyo jasho lake huacha kutu? Mashine ya mteja mwingine iliyofunguliwa ameifunika kwa kibakuli cha kioo au ameiacha ikila vumbi la barabara? Usimdharau fundi kwa sababu amekaa barazani na kisanduku cha vioo, kwa kuwa nimewaona wa barazani wenye mikono ambayo duka lenye kiyoyozi halina. Lakini vumbi halichagui, na fundi mzuri wa barazani hujua kuwa sevisi kamili ataifanyia nyumbani, ndani, mbali na upepo.

Ukiridhika, peleka Seiko, umwombe aifungue mgongo mbele yako, nawe uipige picha mashine yake kwa simu. Muulize kama ataifungua yote, kama atakupigia kabla ya kubadilisha chochote, na kama utarudishiwa kila kipande kitakachotolewa, hata kama ni kibovu. Usikilize zaidi namna anavyojibu kuliko anachojibu. Fundi anayekasirika kwa kuulizwa vipande vya zamani amekwisha kukupa jibu. Baadhi yao wana mashine ndogo ya kupimia mapigo, ambayo husikiliza saa kwa maikrofoni na kuonyesha kwenye skrini inawahi au inachelewa kwa sekunde ngapi kwa siku, na gurudumu la mizani linazunguka kwa nyuzi ngapi. Saa ya zamani iliyotengenezwa vizuri, ikiwa imelazwa na kamani yake imejaa, kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 250 na 300, ingawa Seiko nyingi huwa chini kidogo ya hapo. Ikibaki chini ya 200 baada ya sevisi, kazi haijakwisha. Omba picha ya skrini hiyo kabla na baada. Mwisho kabisa chukua stakabadhi yenye aina ya saa, namba ya toleo, kazi mliyokubaliana, bei na tarehe.

SWALI: Saa yangu ya mkono, Omega ya miaka ya 1960, ilifanyiwa sevisi hapa Nairobi miezi mitatu iliyopita ikawa nzuri. Wiki iliyopita ilianza ghafla kuwahi kwa karibu dakika ishirini kwa siku. Fundi anasema inahitaji sevisi nyingine kamili na nilipe upya. Je, ni haki?
Mwalimu mstaafu, Nairobi

JIBU: Usilipe bado. Saa inayochakaa huchelewa, husitasita au husimama. Saa iliyokuwa nzuri jana na leo inawahi kwa dakika nyingi, mara nyingi imepata sumaku. Mizunguko ya ile kamani ya unywele hushikana kwa nguvu ya sumaku, ikawa kana kwamba kamani imefupishwa, na gurudumu la mizani hupiga haraka kuliko inavyotakiwa. Chanzo chake kimo ndani ya nyumba zetu: spika, kifuniko cha tableti chenye sumaku, mkoba wenye kifungo cha sumaku, hata simu iliyolazwa usiku kando ya saa. Sogeza saa karibu na dira ya kawaida ya sindano, na sindano ikitikisika kufuata saa, jibu ni hilo. Kuiondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa kidogo ambacho kila fundi wa saa za kamani anapaswa kuwa nacho.

Ziko sababu nyingine, kama vile saa kuangushwa mizunguko ya kamani ikapandana, au mafuta kuifikia. Hata hizo si sevisi kamili, na ile ya mafuta ni kosa la kazi yake mwenyewe. Rudi kwake kwa upole, mwombe kwanza aondoe sumaku mbele yako. Akifanya hivyo na saa ikatulia, na akakutoza kidogo au asikutoze kabisa, basi alikosea tu kwa haraka, nawe unaweza kuendelea naye. Akikataa hata kujaribu, tafuta mwingine, na safari ijayo uandikishe dhamana kwenye stakabadhi kabla ya kuacha saa. Mwaka mmoja ni muda wa heshima.

Neno moja kwa wote wenye saa zinazoonyesha tarehe: msibadilishe tarehe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati meno ya tarehe yameshikana tayari kwa ajili ya kuvuka siku. Akrabu zenu zitakuwa zikionyesha tisa na tatu kwa hesabu ya kizungu. Meno mengi yaliyovunjika ambayo mafundi hulaumiwa kwayo yalivunjwa na wenye saa wenyewe.

SWALI: Assalaam aleikum. Marehemu babu yetu alirudi Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 na akatumikia serikali. Alizawadiwa Rolex yenye nembo ya jambia na panga mbili kwenye uso wake. Nembo imefifia kidogo na uso umekuwa na rangi ya chai. Ndugu zangu wanataka saa isafishwe ionekane mpya kabla ya kumkabidhi mjukuu mkubwa. Tuipeleke wapi?
Mjukuu, Muscat

JIBU: Waaleikumu ssalaam, ndugu yangu. Nawasihi msiifanye ionekane mpya, na nasema hivyo kwa uchungu nilionao.

Miaka mingi iliyopita nilipeleka saa ya baba yangu, Roamer ya kutia ufunguo, kwa fundi wa mji fulani ambao sitautaja, ili atie kioo na kusafisha mashine. Nilipoirudia baada ya wiki mbili, uso wake ulikuwa umepakwa rangi upya, mweupe ukimetameta, na maandishi yake yamechorwa upya kwa herufi nene zisizolingana. Kasha lilikuwa limesuguliwa mpaka kingo zake zikawa za mviringo, na jina la baba lililochongwa mgongoni lilikuwa limetoweka. Fundi alinikabidhi kwa furaha. Aliamini amenifanyia hisani, na hakunitoza hata senti kwa kazi hiyo ya ziada. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia asifanye. Tangu siku hiyo, kila saa ninayoipeleka kwa fundi huambatana na karatasi yenye maneno manne: usipake rangi, usisugue kasha. Nayaandika hata kwa fundi ninayemfahamu kwa miaka.

Kwa saa yenu jambo hili ni zito zaidi. Saa zenye nembo ya Oman, ambazo nyingi zilitolewa kama zawadi katika utawala wa Sultan Qaboos, zinatafutwa sana na wakusanyaji wa dunia nzima, na kwa sababu hiyo nembo za bandia huchapishwa juu ya nyuso za kawaida. Kinachothibitisha saa ya babu ni ule uso wake wa asili ulivyo, pamoja na kufifia kwake na rangi yake ya chai. Mkiupaka rangi, hakuna mtaalamu atakayeweza tena kuitofautisha na ya kughushi, na thamani itaanguka kwa kiasi ambacho familia itajuta. Tafuteni pia barua ya zawadi, picha ya babu akiwa ameivaa, kisanduku, chochote, mkakihifadhi pamoja na saa.

Kwa upande wa mashine mna nafasi nzuri, kwa sababu vipuri vya Rolex haviuzwi ovyo sokoni, hutolewa kwa vituo na mafundi walioidhinishwa, na kituo cha namna hiyo huweka dhamana ya miaka miwili kwa sevisi yake. Lakini fahamuni desturi ya vituo vya kampuni: lengo lao ni saa iende na izuie maji kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo watashauri kubadilisha uso, akrabu, kifungo cha pembeni na pengine kusugua kasha. Si ubaya, ni namna wanavyoielewa kazi yao. Andikeni katika fomu ya kupokelea saa kwamba uso, akrabu na kasha visiguswe, na kwamba kila kipande kitakachotolewa kirudishwe kwenu. Wakisema hawawezi kukubali sharti hilo, ichukueni saa yenu mwondoke, mkatafute fundi huru aliyezoea saa za zamani, mkimjaribu kwa njia nilizomwandikia binti wa Tanga. Na yule mjukuu aambiwe asiogelee nayo hata kama imeandikwa kuzuia maji, kwani mipira ya kuzuia maji huchakaa kwa umri.

SWALI: Nimeona mtandaoni saa za zamani kutoka India, Seiko na HMT, zenye nyuso za rangi kali, zimeandikwa "zimefanyiwa sevisi", bei ya chini sana. Ninunue?
Kijana, Mombasa

JIBU: HMT ni saa ya heshima, kiwanda chake cha Bangalore kilianza mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Lakini nyingi ya hizo unazoziona zimeunganishwa kutoka saa tatu au nne zilizokufa, na nyuso zake zimepakwa rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. Rahisi ghali, mwanangu. Fedha hiyohiyo mpe fundi mzuri wa hapo Mombasa aifufue saa ambayo mjomba wako ameisahau kabatini.

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza. Nimerithi saa ya babu yangu aliyekuwa askari wakati wa vita vya pili vya dunia. Tarakimu zake zina rangi ya kahawia iliyochakaa, na mjomba anasema zamani zilikuwa ziking'aa gizani. Haing'ai tena. Nilitaka kuifungua mwenyewe nisafishe, kisha nikasita.
Mama wa watoto wawili, Leicester

JIBU: Dada yangu, ulifanya vyema kusita, tafadhali usiifungue. Saa za miaka hiyo zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yatoayo mionzi, na matumizi yake kwenye saa yaliendelea mpaka miaka ya 1960. Kwamba haing'ai tena si dalili ya usalama. Kilichokufa ni ile kemikali inayogeuza mionzi kuwa mwanga, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Saa ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa ni unga wake ukivutwa kwa pumzi au ukimezwa. Katika miaka ya 1920, wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo katika kiwanda cha Orange, New Jersey, walichonga ncha za brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa, na wengi wakaugua mifupa ya taya, baadhi yao wakafa. Iweke saa ndani ya kisanduku, mbali na kitanda na mbali na mikono ya watoto.

Kwa fundi, huko uliko una njia ambayo sisi huku hatuna. Chama cha British Horological Institute, kilichoanzishwa mwaka 1858, kina orodha ya mafundi wanachama unayoweza kuitafuta kwa eneo, na herufi MBHI au FBHI baada ya jina la mtu zina maana kwamba amepita katika mitihani na viwango vya chama hicho. Kabla ya kutuma saa kwa posta, mwandikie fundi kwamba uso una radiamu. Wengine watakataa, nawe usichukie, kwa maana anayekataa anaijua hatari. Atakayekubali akueleze anaifanyaje kazi hiyo bila kutimua unga. Anayekujibu kwamba ataikwangua tu na kupaka rangi mpya, usimpelekee.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi saa hapa Kariakoo, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu. Nasoma mnavyowaonya watu dhidi ya mafundi, nami naumia. Wateja wanakaa mbele yangu wakinikodolea macho kama mwizi. Wanaleta saa ambazo wengine wamekwisha kuziharibu, na ikishindikana lawama ni yangu. Nikitaja bei ya sevisi wanacheka, wananiambia kwa fedha hiyo watanunua saa mpya ya betri. Nifanyeje ili watu waniamini?
Fundi, Kariakoo

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nakubali kwamba kuna upande ambao sikuupa haki yake. Tangu Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi, yaani ya betri, iitwayo Astron, tarehe 25 Desemba 1969, kazi ya mafundi kama wewe imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, na simu za mkononi zikaimaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Waliobaki na ujuzi kamili ni wachache, na wengi wao hawana mwanafunzi. Anayekucheka kwa bei hajui kwamba ndani ya ile saa ndogo mna vipande zaidi ya mia moja vya kufungua, kuosha na kurudisha, kila kimoja mahali pake.

Wakodoleao macho wacha wakodoe, wengi wao walishaumizwa na mwingine. Tenganisha bei ya kukagua na bei ya kutengeneza. Toza kiasi kidogo kwa kufungua na kutazama tu, umwonyeshe mteja kwenye simu yako picha ya kutu, ya skrubu iliyokwaruzwa na fundi aliyekutangulia, ya jino lililovunjika, kabla hujagusa chochote. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa na lawama za makosa ya wengine. Vipande vya zamani vitie katika kimfuko cha plastiki na uvikabidhi hata asipoviuliza. Weka daftari lenye namba ya kila saa uliyoifungua, hali uliyoikuta nayo na ulilolifanya, ili ikirudi baada ya miaka mitano ujue ulipoishia. Na saa usiyoiweza, iseme. Najua kusema hivyo kunakunyima chakula cha siku ile, lakini mteja uliyemwambia "hii siiwezi, nisije nikaiharibu" hurudi na nyingine unayoiweza, na huja na ndugu zake.

Siwezi kukupendekeza kwa wasomaji kabla ya kuiona kazi yako, kama nilivyowashauri wao. Basi nianze na yangu. Ninayo Oris ndogo ya kutia ufunguo ambayo husimama kila inapolazwa kifudifudi, na hakuna aliyenieleza sababu mpaka leo. Mpe mhariri mahali ulipo, nami nitaileta mwenyewe wiki ya kwanza ya mwezi ujao, pamoja na ile karatasi yangu ya maneno manne. Ikirudi salama, nitampelekea binti wa Tanga habari zako. Kutoka kwao mpaka Kariakoo ni safari ya basi ya siku moja, na mashine ya baba yake iko kamili.